Kuhama kitovu: vifaa 41 kutoka seva za mbali hadi ndani ya nyumba

Hii ni shajara ya kuhamisha taa, vihisi na plagi zote za nyumba kutoka kwenye kitovu cha kampuni, yaani kisanduku kinachoviongoza, hadi kwenye Home Assistant, programu inayofanya kazi hiyo ndani ya nyumba. Naiandika kila hatua inapokamilika. Yaliyokwenda vizuri nayapita juu juu. Yaliyoharibika nayaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yatakayokukuta nawe ukijaribu.

3 Mei 2025: Sababu, na hesabu ya vifaa

Wiki iliyopita intaneti ilikatika usiku. Mama, ninayeishi naye, huamka mara mbili tatu kwenda msalani, na taa ya korido huwaka yenyewe akipita. Usiku ule haikuwaka. Swichi ya ukutani iko upande wa pili wa korido, mbali na mlango wake. Kilichoniamsha ni sauti ya kiganja chake kikisugua ukuta taratibu, akitafuta njia gizani.

Kihisi kiko mita mbili tu kutoka kwenye balbu. Lakini kitovu chetu hupeleka kila habari kwenye seva za kampuni kwanza, kisha husubiri amri irudi. Seva isipofikika, kihisi kinaona mtu na balbu haiambiwi kitu.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinisumbua kwa muda. Kitovu cha Revolv kilizimwa kabisa mwaka 2016, baada ya kampuni hiyo kununuliwa na Nest. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika ghafla bila wateja kupewa taarifa. Walionunua vifaa hivyo walikuwa wamevilipia kikamilifu. Sitaki mwanga wa korido ya mama utegemee uamuzi wa kikao nisichoalikwa.

Lengo, basi: taa ya korido iwake intaneti ikiwa haipo, na ikiwezekana hata kitovu chenyewe kikiwa kimezimwa.

Vifaa ni 41: balbu 16, plagi 7, vihisi mwendo 5, vihisi vya mlango 6, vihisi vya maji 2, swichi za betri 4 na mota moja ya pazia. Plagi 3 ni za Wi-Fi, vingine 38 ni vya Zigbee, mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani. Hapo ndipo kwenye kazi. Kifaa cha Matter, mfumo uliotolewa Oktoba 2022, kinaweza kuwa chini ya vitovu viwili kwa wakati mmoja. Cha Zigbee kina mtandao mmoja tu: ili kiingie kwingine lazima kitoke kwanza kilipo. Kwa hiyo vifaa 38 vinahamishwa kimoja kimoja, kwa mkono.

4 Mei: Kuandika kanuni zote kabla ya kugusa chochote

Kitovu cha zamani hakina njia ya kutoa kanuni zake zikaenda kwingine. Nikapiga picha kila ukurasa wa programu yake ya simu, kisha nikanakili kila kanuni kwenye daftari kwa sentensi moja: nini kinaianzisha, kwa sharti gani, kifanyike nini. Pembeni nikaongeza safu ya nne, ambayo imenisaidia kuliko zote: nani ataumia isipofanya kazi.

Zilikuwa 23. Tisa hazikuwa na jina hata moja kwenye safu ya nne. Zimefutwa, na zilizobaki 14 ndizo zinazohama.

Gharama: saa 3.

6 Mei: Mashine mpya

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo niliyokuwa nayo, diski ya SSD badala ya kadi ya memori, na kijiti cha Zigbee cha USB chenye umbo la flashi kubwa. Usiegemee kadi ya memori kwa kazi hii. Home Assistant huandika kwenye hifadhidata yake mchana na usiku, na kadi huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

Kusakinisha kulichukua chini ya saa moja. Programu ni tatu: Mosquitto inabeba ujumbe, Zigbee2MQTT inazungumza na vifaa, Home Assistant inaamua. Kwenye ruta nimeipa mashine anwani ya kudumu ili isibadilike ruta ikiwashwa upya.

9 Mei: Jioni mbili zilizopotea kwa sababu ya waya

Nilianza na balbu moja ya majaribio, mita nne kutoka kwenye mashine, bila ukuta katikati. Ikasajiliwa. Baada ya dakika kumi ikapotea. Nikaisajili tena, ikapotea tena. Kipimo cha ubora wa mawimbi, ambacho huanzia 0 hadi 255, kilikuwa kinachezea kati ya 15 na 30, wakati balbu naiona kwa macho.

Nilidhani kijiti ni kibovu. Nikabadilisha programu yake ya ndani, hakuna kilichobadilika. Nikashusha toleo la Zigbee2MQTT, wapi. Jioni ya pili ndipo nikatazama jinsi vitu vilivyopangana: kijiti kimechomekwa kwenye tundu la buluu la USB 3.0, na pembeni yake, karibu kugusana, umechomekwa waya wa SSD.

USB 3.0 ikiwa inapitisha data hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Zigbee. Intel waliandika waraka mzima kuhusu jambo hili mwaka 2012. Nilikuwa nimemweka msikilizaji wangu pembeni ya mashine inayopiga kelele, kisha namlaumu hasikii.

Dawa ni kebo ya kurefusha ya USB 2.0, mita moja na nusu. Kijiti kimehamia tundu la USB 2.0 na sasa kinaning'inia ukutani, mbali na mashine na mbali na ruta. Balbu ile ile, mahali pale pale, ikapanda hadi 130 na kitu. Kama utachukua jambo moja tu kwenye shajara hii, chukua hiyo kebo, na uinunue pamoja na kijiti.

Gharama: saa 7 na kebo moja.

11 Mei: Chaneli

Chagua chaneli kabla ya kusajili vifaa. Ukibadilisha baadaye, vingine vitafuata na vingine vitabaki nyuma vikikusubiri urudi kuvisajili upya.

Zigbee ina chaneli 11 hadi 26 kwenye 2.4 GHz, na namba zake hazilingani na zile za Wi-Fi, jambo linalochanganya wengi. Wi-Fi ya chaneli 1 inafunika Zigbee 11 hadi 14. Ya 6 inafunika takribani 16 hadi 19, na ya 11 inafunika 21 hadi 24. Ruta yangu iko kwenye 1, na nilipochunguza nikaona kitovu cha zamani kilikuwa kwenye Zigbee 11. Miaka yote hiyo taa zilikuwa zinapigania nafasi na ruta iliyo chumba kimoja nazo.

Mtandao mpya nimeuweka kwenye 25. Kule kwenye 26 kuna vifaa vinavyotuma kwa nguvu ndogo au visivyoifikia kabisa, kwa hiyo nimeiacha. Faida ya pili ni kwamba mtandao wa zamani na mpya viko mbali, vinaweza kufanya kazi sambamba wakati wa kuhama.

14 na 15 Mei: Nilianza na vifaa visivyo sahihi

Vihisi vya mlango ni vidogo na vinabebeka, nikaona nianze navyo. Nikavibandua vyote sita, nikavipanga mezani karibu na kijiti, nikavisajili kwa dakika kumi. Nikavirudisha milangoni, nikalala nimeridhika. Asubuhi vinne vilikuwa kimya.

Mtandao wa Zigbee hujengwa na vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani. Balbu na plagi hupokea ujumbe wa wenzao na kuupitisha mbele. Kifaa cha betri hakipitishi cha mtu, chenyewe hutafuta mzazi, yaani kifaa cha kumpitishia ujumbe wake, kikamshikilia na kulala. Vihisi vyangu vilisajiliwa wakati hakuna plagi hata moja kwenye mtandao mpya, kwa hiyo mzazi aliyekuwepo ni kijiti peke yake. Nilipovipeleka mlango wa nyuma, kuta tatu katikati, viliendelea kumng'ang'ania mzazi ambaye havimsikii tena. Vipo vihisi vinavyojitafutia mzazi mwingine vikipoteza wa kwanza. Hivi vyangu sivyo.

Nikavunja mpango na kuupanga upya. Utaratibu uliofanya kazi ni huu: chumba kwa chumba, kuanzia kilicho karibu na kijiti kwenda mbali. Ndani ya kila chumba plagi kwanza, balbu baadaye, vya betri mwisho kabisa. Na kifaa cha betri kisajiliwe pale pale kitakapoishi. Zigbee2MQTT hufungua usajili kwa sekunde 254, na inakuruhusu kuufungua kupitia kifaa kimoja tu utakachokichagua. Nikafungua kupitia plagi ya jikoni, nikabonyeza kitufe cha kihisi cha mlango wa nyuma kikiwa mlangoni, kikashika plagi. Hakijapotea tangu hapo.

Korido ilikosa plagi katikati, kwa hiyo nimeongeza mbili ambazo kazi yake kubwa ni kupitisha ujumbe. Vifaa sasa ni 43.

Gharama: saa 5, plagi 2, na betri 3 za vihisi vilivyokesha vikitafuta mzazi.

18 Mei: Balbu 16, na saa moja na nusu juu ya ngazi

Balbu nyingi hurudishwa hali ya kiwandani kwa kuwasha na kuzima mara tano au sita mfululizo. Kwa maandishi ni rahisi. Ukiwa kwenye swichi ni jambo la mdundo: ukiwahi, balbu haihesabu, ukichelewa, inaanza kuhesabu upya. Ya sebuleni ilinigomea mara kumi na moja. Niliifungua, nikaifunga kwenye taa ya mezani, nikajaribu tena. Kila nilipofika mara ya sita iliwaka kawaida, bila kile kimeto kinachoonyesha kuwa imekubali.

Kumbe njia rahisi ilikuwepo. Ukikifuta kifaa kwenye programu ya kitovu cha zamani, kitovu kikiwa bado hai, chenyewe hukipelekea kifaa amri ya kuondoka kwenye mtandao. Balbu iliyopokea amri hiyo inakuwa tayari kusajiliwa kwingine, bila mtu kugusa swichi. Balbu kumi zilizobaki nilizihamisha nikiwa nimekaa. Ndiyo maana nasisitiza: usizime kitovu cha zamani mapema. Kikishazimwa, kila balbu itakudai ngazi.

Kuna moja ilinishangaza. Niliifuta, ikameta, halafu haikuonekana kwenye mtandao mpya. Nikaikuta imerudi kwenye kitovu cha zamani, kwa sababu ukurasa wa kutafuta vifaa vipya ulikuwa bado wazi kwenye simu. Funga mlango wa zamani kabla ya kufungua mpya.

Majina nimeyapa kwa mahali: "korido_balbu_1", si kwa chapa wala modeli. Balbu ikiungua, mpya itachukua jina lile lile na kanuni hazitajua kuwa kuna kilichobadilika.

Hadi usiku Zigbee yote ilikuwa imehama. Gharama: saa 6, na balbu moja iliyoniponyoka nikiwa juu ya ngazi. Nilikuwa na ya akiba.

22 Mei: Taa inayomzimikia mtu njiani

Kanuni 14 nimeziandika upya kutoka kwenye daftari. Kumi na mbili zilikubali siku hiyo hiyo. Ya korido, ambayo ndiyo chanzo cha kazi yote hii, ilinishinda.

Mama alinikuta sebuleni asubuhi. "Mwanangu, taa inanizimikia nikiwa bado msalani. Natoka, giza."

"Samahani mama, nimekosea kuandika. Usiku wa leo haitazima."

Kanuni ilisema: kihisi kikiona mtu, washa, subiri dakika tatu, zima. Home Assistant huendesha kanuni kwa hali iitwayo "single" usipoiambia vingine. Maana yake, kanuni ikiwa bado inasubiri zile dakika tatu, tukio jipya linapuuzwa. Mama akipita dakika ya pili na nusu wakati wa kurudi, taa haiongezi muda. Inazima dakika ya tatu ilivyopanga mwanzo, naye yuko katikati ya korido.

Kubadilisha iwe "restart" kungetosha kwa watu wengi, kwa kuwa kila tukio jipya huanza kuhesabu upya. Lakini kihisi changu kikishaona mtu hakitoi taarifa nyingine mpaka kwanza kiseme "hakuna mtu". Mtu akiendelea kutembea mbele yake, hakuna tukio jipya la kuanzisha hesabu. Kwa hiyo nimeigawa kanuni hiyo sehemu mbili. Ya kwanza inawasha kihisi kinapoona mtu, basi. Ya pili inazima kihisi kikiwa kimesema "hakuna mtu" kwa dakika tatu mfululizo. Hakuna kusubiri ndani ya kanuni yoyote.

Nilikaa korido usiku huo, mgongo ukutani, nikihesabu. Alipita saa saba na saa kumi. Taa haikumwacha.

25 Mei: Taa zinazowaka zenyewe

Kila nikiwasha mashine upya, taa za chumba cha kulala zinawaka, hata iwe saa nane usiku.

Kosa lilikuwa langu la wiki ya kwanza. MQTT, lugha ya ujumbe inayobebwa na Mosquitto, ina alama ya kuhifadhi ujumbe: ujumbe wa mwisho unabaki kwa Mosquitto, na yeyote anayeunganishwa anapewa mara moja. Kwa kihisi joto ni jambo zuri, unapata kipimo cha mwisho bila kusubiri. Mimi niliiweka kwa vifaa vyote, pamoja na swichi za betri, na kanuni yangu ilikuwa inasikiliza ujumbe wa swichi moja kwa moja kwenye MQTT. Home Assistant ikiamka inakabidhiwa "kitufe kimebonyezwa", ujumbe wa jana jioni, nayo inatii kana kwamba kuna mtu amesimama pale anabonyeza.

Kuondoa alama peke yake hakukutosha, kwa sababu ujumbe wa zamani ulikuwa bado umehifadhiwa. Lazima utume ujumbe mtupu kwenye anuani ile ile, wenye alama ya kuhifadhi, ndipo wa zamani unafutika.

30 Mei: Kuikatia nyumba intaneti, kisha kitovu

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri na kuiogopa. Nilichomoa waya wa intaneti saa tatu asubuhi na kuuacha nje siku nzima. Kanuni 13 zilifanya kazi. Ya 14, ya pazia, ilikuwa inauliza hali ya hewa mtandaoni kwanza. Nimeibadilisha itumie mahali jua lilipo angani, ambapo Home Assistant hupakokotoa yenyewe kwa majira ya nukta za nyumba, bila kumuuliza mtu.

Jaribio la pili lilikuwa gumu zaidi. Intaneti ikiwa bado haipo, nilizima mashine saa tisa alasiri, nikaiwasha saa tatu usiku. Taa ya korido haikuwaka. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, ikiwaka tena huendelea kuanzia pale ilipoachia mpaka ipate muda sahihi kwenye intaneti. Kwa hesabu yake ilikuwa bado saa tisa alasiri, na kanuni ya korido niliiandikia ifanye kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Umeme na intaneti vikikatika pamoja, hali itakuwa hiyo hiyo. Kihisi cha korido kinapima pia mwanga, na sikuwa nimekitumia. Kanuni sasa haiulizi saa ngapi. Inauliza kuna giza kiasi gani.

Jaribio la tatu: kitovu kipya, yaani ile mashine, kimezimwa kabisa. Vitufe vyote vinne vya betri vikafa, kama nilivyotarajia. Zigbee inaruhusu kuifunga swichi moja kwa moja na kundi la balbu, ili amri itoke kwenye kitufe na kufika kwenye balbu bila kupita kwenye kitovu. Swichi tatu kati ya nne zimekubali. Zina faida nyingine: balbu nne za sebuleni zinawaka kwa pamoja, wakati zamani ziliwaka moja baada ya nyingine.

Moja ya hizo tatu nimeihamishia nje ya mlango wa mama, kwa urefu wa mkono wake, nikiwa nimemwomba asimame pale na kunyoosha mkono kama anavyofanya gizani. Nimeweka alama kwa penseli kidole kilipogusa.

5 Juni: Nakala rudufu isiyofunguka

Nakala hutengenezwa kila usiku na kunakiliwa kwenye diski ya kompyuta nyingine. Nilitaka kuona kama inarudi kweli, nikasakinisha Home Assistant kwenye kadi tupu na kuipa nakala ya jana. Ikaomba ufunguo. Tangu toleo la 2025.1 nakala hizi husimbwa, na ufunguo wangu nilikuwa nimeuhifadhi kwenye mashine ile ile ninayoifanyia nakala. Ingekufa kweli, nisingekuwa na kitu. Sasa umechapishwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha, pamoja na hati za nyumba.

Hakikisha pia nakala yako inabeba faili za Zigbee2MQTT. Humo ndimo kuna ufunguo wa mtandao na orodha ya vifaa, na ukivipoteza utavisajili vyote upya. Ukimpelekea mtu faili hiyo akusaidie, futa ufunguo kwanza.

14 Juni: Kitovu cha zamani kimezimwa

Kimekaa siku tisa bila kifaa chochote, nikakifuta data, nikafunga akaunti na kukichomoa. Jumla nzima: saa 34, plagi 2, kebo 1, balbu 1, betri 5.

Yaliyobaki ni machache. Plagi mbili za Wi-Fi zimekubali kuongozwa ndani ya nyumba, ya tatu bado inataka seva ya mtengenezaji, kwa hiyo nimeipa kazi isiyomhusu mtu, ya kuchaji kifagio cha umeme. Mota ya pazia imesahau mwisho wake wa juu na wa chini, na lazima nipimishe upya. Kihisi cha mlango wa nyuma kinaonyesha betri asilimia 12, itabadilishwa kesho.

Jana usiku intaneti ilikatika tena, kama saa tisa. Nimejua asubuhi, kwenye kumbukumbu za ruta.